Kusoma si Kukisia

Mara nyingi twasikia wazazi wakimsifu mtoto wao kwamba asoma upesi kama maji ya mfereji. Mtoto hupewa kitabu cha darasa lake, akakifungua, akasema maneno pasipo kusita hata mwisho wa ukurasa, na wazee hufurahi. Walakini, mkitaka kujua kama mtoto huyo asoma kweli, fanyeni jambo dogo. Funikeni picha kwa kiganja, mwonyesheni neno moja lililo katikati ya ukurasa, mkamwulize: Hili ni neno gani? Wengi watanyamaza. Wengine watatazama nyuso zenu, wakitumaini kuona jibu huko. Na wengine watataja neno lililo ndugu wa lile lililoandikwa: pameandikwa wali, yeye asema mali, pameandikwa anakata, yeye asema anataka. Mtoto huyo hakusoma. Alikariri ukurasa kwa sikio, na macho yake yalifuata midomo ya wenzake.

Kama kosa hili lingekuwa la watoto peke yao, tusingepoteza wino. Lakini wako walimu wenzetu, na baadhi yao wana vyeti vizuri kuliko vyetu, wanaolitetea. Husema kwamba jicho la msomaji halina haja ya kuona herufi zote. Latosha kuona umbo la neno, kama vile mtu amtambuavyo jirani yake kwa mbali kwa mwendo wake. Husema tena kwamba mtoto akijua habari inahusu nini, atajaza mwenyewe maneno mengine, na kwamba kumsimamisha juu ya herufi moja moja ni desturi ya kizamani inayoua furaha. Sisi twasema kwamba mafundisho hayo si ya kweli, na katika lugha yetu ya Kiswahili yana hatari kuliko katika lugha nyingine nyingi. Tuonyeshe sababu.

Kwanza, yafaa kujua mafundisho hayo yametoka wapi. Katika miaka ya 1870 daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, alieleza kwamba jicho la msomaji haliendi juu ya mstari polepole kama jongoo, bali huruka kama panzi: latua, latazama kitambo kidogo, laruka tena. Kila kituo huchukua kama robo ya sekunde, na katika kituo hicho jicho huona wazi herufi chache tu. Kisha mwaka 1886 Mmarekani mmoja, James McKeen Cattell, aliyekuwa amejifunza kwa Profesa Wundt katika mji wa Leipzig, aliandika kwamba mtu mzima aliyezoea kusoma hutaja neno fupi upesi kama atajavyo herufi moja. (Wasomaji wetu wa Kilimanjaro walijua jina la Leipzig kwa sababu nyingine, maana katika mji huohuo ndiko makao ya misioni iliyotuma watu wake Machame mwaka 1893.) Basi waliosikia habari ya Cattell walirukia neno moja: Ikiwa neno zima laonekana upesi kama herufi, bila shaka msomaji hatazami herufi, atazama neno kama picha! Tangu hapo, katika nchi nyingi, watoto walipewa maneno mazima wayakariri kama sura za watu.

Hitilafu yao ni nyepesi kuonekana. Mshonaji mzoefu hutia uzi katika sindano upesi hata hatuoni alivyofanya. Je, twaweza kusema uzi haukupita tunduni? Upesi wa kazi haumaanishi kwamba sehemu zake hazikufanyika. Na wataalamu wenyewe waliendelea kuchunguza. Mwaka 1969 Mmarekani Gerald Reicher aliwaonyesha watu neno kwa muda mfupi mno, kisha akawauliza ni herufi ipi kati ya mbili iliyokuwa mahali fulani. Alizichagua kwa akili: kila moja kati ya hizo mbili ingeweza kufanya neno la kweli, kama vile sisi tungeuliza kama ilikuwa m ya mali au w ya wali. Kukisia hakukuweza kumsaidia mtu. Walakini watu waliiona herufi vizuri zaidi ilipokuwa ndani ya neno kuliko ilipokuwa peke yake. Maana yake ni kwamba neno huisaidia herufi, na herufi hulijenga neno, haziachani. Mwaka 1976 James McClelland alichanganya herufi kubwa na ndogo ndani ya neno moja hata umbo lake likaharibika kabisa, na faida ile bado ilikuwapo. Basi haikutoka katika umbo. Na mwaka 2003 Denis Pelli na wenzake walionyesha kwamba hata maneno mafupi ambayo Mwingereza huyaona kila siku ya maisha yake hayasomeki mpaka herufi zake, moja moja, zimetambulikana. Miaka mia na zaidi ya kazi imefika hapo: jicho husoma herufi, nyingi kwa pamoja na upesi sana, lakini ni herufi.

Mwaka huohuo wa 2003 ulienea ulimwenguni ujumbe mmoja wa Kiingereza, ambao hata leo watu hutumiana kwa simu wakistaajabu. Ujumbe ule wasema kwamba chuo kikuu cha Cambridge kimegundua ya kuwa herufi za neno zaweza kuchanganywa ovyo, nawe utasoma tu, mradi ya kwanza na ya mwisho zimekaa mahali pake. Nao wenyewe umeandikwa kwa herufi zilizochanganywa, na kwa kuwa asomaye Kiingereza aweza kuusoma, huona kwamba umehakikishwa. Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Cambridge, Matt Davis, alieleza kwamba hakujua uchunguzi wowote wa namna hiyo uliofanyika huko. Habari iliyo karibu nao ni ya Graham Rawlinson, aliyeandika juu ya jambo hili katika chuo cha Nottingham mwaka 1976. Na Keith Rayner na wenzake walipopima kwa makini mwaka 2006, waliona kwamba msomaji hupungua kasi hata zikibadilishwa herufi za katikati tu, na zikiguswa za mwanzo hupungua zaidi.

Hayo ni ya Kiingereza. Sisi twauliza: Je, katika Kiswahili? Mtu anayetusomea ujumbe ule shuleni kama hoja hajafikiri hata dakika moja jinsi maneno yetu yalivyojengwa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa a, e, i, o au u, na vitendo vyetu vyenye asili ya Kibantu vikikubali huishia kwa a. Mwanzoni mwa kitendo huja yule mtendaji: a, wa, ni, tu, m. Basi herufi ya kwanza na ya mwisho zatuambia nini? Mwalimu na aandike ubaoni: anapika, anapiga, anapima, anapita, anapinda, anapinga, anapenda, anapanda, anaponda, anapanga, anapata, anapaka. Maneno kumi na mawili, yote yaanza kwa a, yote yaishia kwa a, na herufi nne za mwanzo ni zilezile kwa yote. Mwenye kutazama miisho ya neno hajajua lolote ila kwamba kuna mtu naye atenda jambo. Kupenda na kuponda vimetengwa na herufi moja iliyojificha katikati, mahali hasa ambapo tunaambiwa tusisumbuke kupatazama.

Tena tuwajibu kwa kipimo chao wenyewe. Chukueni neno anataka, acheni ya kwanza na ya mwisho mahali pake, changanyeni za katikati. Mwaweza kupata anakata. Ni neno kamili, halina kilema, wala hakuna kitakachomwonya msomaji kwamba amepotea. Chukueni amekopa, mfanye hivyohivyo: mtapata amepoka. Mtu aliyekopa gunia la mpunga na mtu aliyepoka gunia la mpunga, mmoja ni jirani na wa pili ni mnyang'anyi, na herufi zao ni zilezile saba. Mhispania Manuel Perea na mwenzake Stephen Lupker walichunguza mwaka 2004 hasa mabadiliko ya namna hii, konsonanti mbili kupeana mahali huku vokali ikikaa katikati yao, nao wakaona kwamba jicho hudanganyika nazo kuliko vokali zinapopeana mahali. Walifanya kazi hiyo kwa Kihispania, ambacho silabi zake si mbali sana na zetu. Na huko Yerusalemu, Hadas Velan na Ram Frost waliandika mwaka 2007 kwamba wasomaji wa Kiebrania hutatizika sana herufi zikichanganywa, kwa sababu katika lugha yao herufi chache za shina ndizo zibebazo maana, na kuzipanga upya ni kuleta neno lingine. Basi kila lugha ina hatari zake, wala mwalimu asichukue dawa ya nyumba ya jirani kabla hajamtazama mgonjwa wake.

Na hatari za kwetu ni hizi. Herufi zetu chache, silabi zetu karibu zote za namna moja, konsonanti na vokali, konsonanti na vokali. Kwa hiyo maneno yetu hufanana kama watoto wa tumbo moja. Tazameni mtu, mti, mto. Tazameni pamba, pembe, pombe. Karibu na kaburi yana herufi zilezile sita, silabi mbili tu zimepishana. Na mgeni aliyeona kibao cha karibu mlangoni akasoma kaburi, tusimcheke sana. Bahari na habari vivyo hivyo. Lakini mfano tuupendao kuliko yote ni huu: herufi nne, m, a, l, i. Zipange hivi upate mali. Zipange vile upate mila. Tena lima, kazi ya mikono yetu. Tena lami ya barabara. Na mwisho imla, ambayo mtoto mvivu haipendi hata kidogo. Maneno matano kwa herufi nne! Mtoto aliyefundishwa kutazama neno kama picha, huyu atatoka wapi?

Kuna na jambo la herufi zenyewe. Herufi b ni kijiti chenye tumbo upande wa kulia. Herufi d ni kijiti hichohicho, tumbo limegeukia kushoto. Herufi p ni b iliyoshushwa kijiti chake chini ya mstari. Kwa mtu mzima ni tatu. Kwa mtoto wa miaka sita ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Wala si ujinga wake. Mungu ametupa macho ya kutambua mbuzi, akitazama mashariki au akitazama magharibi ni mbuzi yuleyule. Ole wake mchungaji ambaye angedhani mbuzi amekuwa mwingine kila anapogeuka. Mfaransa Stanislas Dehaene, ambaye pamoja na Laurent Cohen alieleza mwaka 2000 habari za sehemu ya ubongo, upande wa kushoto kuelekea nyuma, inayoshughulika na maneno yaliyoandikwa, afundisha kwamba ubongo hauzaliwi na sehemu ya kusoma. Huchukua sehemu iliyozoea kutambua vitu na nyuso, ukaipa kazi mpya. Na katika kazi hiyo mpya yapasa ubongo usahau ile busara ya mbuzi, maana hapa kugeuka ni kuwa kitu kingine. Usahaulifu huo haupatikani kwa siku moja, wala haupatikani kwa kuimba.

Kwa Mwingereza kosa la b na d mara nyingi huzaa neno lisilo na maana, naye hujisahihisha. Kwetu huzaa jamaa nzima! Baba, dada, papa: mzazi, ndugu wa kike, na samaki mwenye meno. Pua, bua, dua. Bata na pata. Na herufi m ikipinduliwa ni w: meza na weza, mema na wema, mengi na wengi, mali na wali. Katika mwandiko wa mkono h yenye kijiti kifupi huwa n, hata hao wakawa nao, na hawa wakawa nawa. Hatujui lugha nyingi, lakini katika zile tuzijuazo hatujaona mahali ambapo herufi moja iliyokosewa hupata kwa urahisi namna hii neno jingine la kweli la kukaa ndani yake.

Hapa watetezi wa kukisia hutujibu: Habari yenyewe itamwonyesha msomaji! Hakuna atakayesoma kwamba baba ameliwa na dada, maana akili itakataa. Mmarekani Kenneth Goodman aliandika mwaka 1967 kwamba kusoma ni mchezo wa kukisia, na wengi walimfuata. Sisi hatukatai kwamba akili husaidia. Lakini mwaka 1980 Keith Stanovich alieleza jambo ambalo kila mwalimu mwenye macho ameliona darasani: anayeegemea sana habari iliyotangulia ni msomaji dhaifu, kwa sababu herufi hazimtoshi, msomaji hodari hulitambua neno lenyewe upesi, akaitumia akili yake kwa kuelewa. Fimbo ni ya mwenye mguu mbovu. Wao wamemwona kiwete akitembea na fimbo, wakafundisha watu wote kuchechemea.

Tena akili hukataa tu pale maana moja inapokuwa upuuzi. Pale maana zote mbili zinapowezekana, akili hulala. Na ni wapi maana zote mbili huwezekana? Katika karatasi zenye maana kuliko zote. Wasomaji wa Mabogini wafahamu jinsi mashamba ya mpunga yanavyokodishwa, tangu mifereji mikubwa ya Moshi ya chini ilipojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajapani, na ardhi ya tambarare ikawa kitu cha kugombewa. Tuseme karatasi yaletwa chini ya mwembe, nayo yasema kwamba mwenye kutia sahihi amelipwa fedha zote za msimu. Yeye asoma amelipa. Herufi moja, w, ndogo kuliko zote. Maneno yote mawili yafaa mahali pale, yote mawili ni ya fedha, yote mawili yaanza na kuishia sawasawa; akili haitashtuka mpaka siku ya baraza. Anakodi na anakodisha: mmoja ana shamba, wa pili hana. Anadai na anadaiwa. Anayelipa na asiyelipa, ambapo maana imepinduliwa na silabi moja katikati ya neno refu. Na katika karatasi ya dawa: mama mwenye mimba anywe, mama mwenye mimba asinywe. Wazee wetu walioanza kuuza kahawa kwa ushirika, tangu chama kikuu cha Kilimanjaro kilipoandikishwa mwaka 1933, walijifunza upesi kwamba mizani yaweza kudanganya. Twaogopa kwamba wajukuu wao hawajajifunza kwamba macho yaweza kudanganya pia.

Lugha yetu imeweka mambo makubwa ndani ya silabi ndogo. Nani atenda, lini, kwa nani, kwa hiari au kwa kutendwa, ndiyo au siyo: yote hayo yamefungwa katika neno moja kama mboga katika jani la mgomba. Katika Kiingereza maneno hayo huandikwa mbalimbali na jicho huyaona moja moja. Kwetu jicho lisipoingia ndani ya neno, halikuona kitu.

Wengine watasema: Ninyi mwakuza jambo. Kiswahili ni chepesi, chaandikwa kama kinavyosemwa, mtoto akijua a e i o u na ba be bi bo bu amemaliza. Ni kweli kwamba Kiswahili chaandikwa kwa unyofu, na hatuna budi kushukuru. Zamani pwani walipoandika kwa herufi za Kiarabu, alama moja mara nyingi ilitumika kwa e na i, na moja kwa o na u. B ilibeba mara nyingi na p pia. Na ile sauti ya puani kabla ya b au d mara nyingi haikuandikwa. Msomaji wa utenzi alipaswa kuujua kwanza, ndipo ausome. Hao walikuwa na sababu ya kukisia, nao walikuwa hodari wa kukisia, maana utungo wote ulikuwa vifuani mwao. Sisi tumepewa herufi zinazosema kila sauti waziwazi. Je, si ajabu kwamba tumepata taa, kisha twafumba macho na kupapasa?

Lakini wepesi si kitu kinachojifundisha chenyewe. Watu wa Uwezo walipowapima watoto wa Tanzania mwaka 2010, ni kama theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, serikali ilianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, na sisi twausifu kwa hilo. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya watoto katika kuandika Kiswahili, walichapisha kazi yao mwaka 2003, na jina la kazi hiyo lenyewe lasema kwamba kujifunza kuandika lugha inayofuata utaratibu si jambo jepesi. Hapa Mabogini wamekutana watu wa milimani, Wapare, na watu wa makabila mengine waliokuja kwa kazi ya miwa ya Arusha Chini na ya mpunga. Kila nyumba ina lugha yake ya kwanza, na kila lugha hulivuta sikio la mtoto. Anayesema kula kwa kura hataziona l na r kuwa herufi mbili mpaka afundishwe kuziona. Atasoma mahari akiwaza mahali, na karamu akiwaza kalamu. Kwa mtoto huyu jicho ndilo la kulisaidia sikio, nanyi mwataka kulifumba?

Juu ya ule wimbo wa ba be bi bo bu tuna neno moja, na halitawapendeza wenzetu wengi. Wimbo si mbaya. Ubaya ni kuimba kwa mpango uleule siku zote. Tumeona darasa zima, katika shule ambayo hatutaitaja, likiimba silabi zote za ubaoni kwa sauti ya kutikisa bati, na mwalimu ameketi. Mgeni mmoja alipoweka kijiti juu ya bo pasipo kuanzia ba, darasa likanyamaza kama kanisa tupu. Watoto walijua wimbo. Ubao ulikuwa pambo. Kijiti na kiruke basi: bo, da, pi, be, du, pa. Hapo mwalimu atajua kwa dakika mbili nani aona na nani aimba.

Wala tusitenge maneno yanayofanana kwa kuogopa kuwachanganya watoto, kama wengi wanavyoshauri. Mara mtoto akiisha kuijua b vizuri, na d vizuri, kila moja kwa siku zake, yafaa ziletwe pamoja hadharani kama mashahidi wawili mbele ya hakimu, mpaka kila mmoja ajulikane kwa uso wake. Baba na dada katika mstari mmoja. Anataka na anakata, na mtoto aeleze kwa kinywa chake ni wapi yanapoachana. Mkono nao uwekwe kazini. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya watoto maskini huko Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa wazifuate kwa kidole, ili mkono ulikumbushe jicho. Sisi msasa hatuna, lakini udongo laini wa kingo za mfereji tunao bure, na kidole kila mtoto anacho.

Nayo imla irudi. Twajua kwamba imepata jina baya, kwa sababu walimu fulani waliifanya kuwa mlango wa fimbo. Imla ya maneno kumi kila Ijumaa, yakiwa mapacha matano, haichukui robo ya saa: mali na mila, kukopa na kupoka, amelipa na amelipwa, meza na weza, karibu na kaburi. Mtoto anayeandika hawezi kukisia, maana karatasi ni nyeupe. Mwenye kukosa asichapwe. Aonyeshwe herufi moja tu aliyoikosa, aiandike, aseme neno alilolipata na neno alilolitaka. Na apewe nafasi ya kusoma polepole. Mwenda pole hajikwai, nasi hatujasikia mtu aliyepoteza shamba kwa sababu alisoma hati polepole.

Wala watu wazima wasiseme wamechelewa. Dehaene na wenzake walipowapima mwaka 2010 watu wa Brazili na Ureno, waliona kwamba waliojifunza kusoma wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, ubongo wao nao ulikuwa umebadilika ukapata sehemu ya kushughulika na herufi. Basi baba aliyeacha shule darasa la pili na aketi pamoja na mwanawe.

Kitabu kikikosekana nyumbani, maandishi hayakosekani: gunia la mbolea, pakiti ya mbegu, tangazo la zamu za maji lililobandikwa mtini, karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa. Mzazi na aweke kidole chini ya neno refu kuliko yote, amwombe mtoto alisome silabi kwa silabi, kisha amwulize: Katikati hapa pameandikwa na, au pameandikwa si?